Pepo Zenye Joto Machoni

Jumanne, 6 Mei
Nimeosha macho kwa maji ya uvuguvugu, kama jana. Matongo yamegandisha kope. Jicho la kulia jekundu, la kushoto linafuata. Nimerudi huku ughaibuni na ugonjwa huu kutoka Mombasa. Mfamasia anasema ni virusi; havina dawa, vitaondoka vyenyewe baada ya wiki moja au mbili. Taulo langu peke yangu. Nisishike mtoto.
Nisishike mtoto! Tarehe 18 Zamda, mjukuu wangu, anatoka arobaini. Ataniletea kitukuu wangu wa kwanza, Salma, ambaye sijamwona hata kidole. Siku kumi na mbili.

Jumatano, 7 Mei
Nimekwenda kwa Bi Mei, tabibu wa Kichina, Soho Road. Kwa udadisi tu. Nimerudi nikitembea kama msichana.
Hakuanza na macho. Alitazama ulimi. Akapima mapigo kwa vidole vitatu, mkono huu, kisha ule. Kwao ugonjwa huu ni upepo ulioandamana na joto, unaotoka nje na kuambukiza mtaa mzima. Upepo hupanda juu, ndiyo maana hupiga macho. Na macho ni mlango wa ini! Ukikasirika, ini huwaka, macho huadhibiwa. Nina miaka sabini na minne, wala sikuyajua haya.
Sindano kati ya kidole gumba na cha shahada. Chai ya maua makavu ya manjano na majani ya mforosadi, ya kupoza joto. Marufuku: pilipili, tangawizi, nyama ya mbuzi, vya kukaanga. Na hasira.
Hasira ndiyo ngumu kwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Jioni jirani amesema "kitabu yangu". Nimekunywa chai.

Jumamosi, 10 Mei
Jicho la kushoto halikufunguka hadi saa tatu. Nimeogopa. Bi Mei anasema joto linatoka. Mfamasia anasema virusi vimehamia. Jicho ni lile lile.

Jumatatu, 12 Mei
Matongo yamepungua! Bi Mei ameniomba tangazo la Kiswahili, kwa ajili ya wauguzi Wakenya na akina mama wa Kikongo. Mimi! Nimeliandika mara tatu kwa furaha. Linaanza hivi: "Pepo zenye joto huingia machoni." Upepo, wingi wake pepo. Ngeli ya U-ZI. Halina dosari. Nimelibandika mlangoni kwa mkono wangu.

Ijumaa, 16 Mei
Macho meupe tangu juzi. Nimenunua blanketi dogo.
Kisha simu. Bi Shamsa, mama mkwe wa Zamda, Msomali aliyekulia Garissa. Amepita dukani kwa Bi Mei, amesoma tangazo.
"Mwalimu, mapepo imekuingia macho na unataka kushika mtoto?"
Nikamweleza kwamba pepo ni wingi wa upepo, ngeli ya U-ZI.
"Basi hiyo ngeli yako isomewe dua kwanza. Mtoto hatoki huku kwetu Great Barr."
Akakata. Nimewaka hasira. Ini langu! Nimekwenda kwenye kioo mara nne.

Jumamosi, 17 Mei
Basi la kwanza hadi dukani. Bi Mei ana furaha: wateja wamezidi. Mama mmoja Mkongo aliuliza kama anawatoa mapepo. Bi Mei alidhani wanazungumzia upepo, akajibu ndiyo, kwa sindano tatu.
Nimelibandua tangazo. Nimeandika upya: "Upepo wenye joto huingia machoni." Umoja.
Nikampigia Bi Shamsa. Nimesema nimekosea. Sikuwahi kulitamka neno hilo, "nimekosea", miaka yote ya kufundisha. Wingi ni sahihi, lakini msomaji akishtuka badala ya kuelewa, kosa ni la mwandishi.
Akacheka hadi akakohoa.
"Kumbe ilikuwa upepo tu! Macho je?"
Meupe. Siku ya nne leo.
"Weka chai. Tangawizi mingi."

Jumapili, 18 Mei
Manyunyu. Nimenawa mikono mara tatu. Wamefika saa tano.
Sijui kama kilichoniponya ni maua, sindano au siku zenyewe. Salma mzito kuliko nilivyodhani. Alinitazama machoni bila kupepesa.
Bi Shamsa amesema, "Kitukuu yako amekupenda."
Sikumsahihisha. Ini limetulia.