Ukungu wa Uluguru Haupakwi Rangi Nyeupe

Xiaobei, Guangzhou

Kaka Hamadi,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu ulinitangulia kuzaliwa, basi. Hali yako nakuuliza kwa kuwa Mama angetaka niulize. Mimi mzima wa mwili, ila nina hasira isiyonipa hata hamu ya kula.

Juzi nilikuwa nafunga mzigo wa midoli na madaftari ya soko la Yide Lu, akaingia Maman Solange, yule mfanyabiashara wa Kongo ninayepanga naye jengo moja. Alikuwa ametoka Dar. Akanifungulia simu: wewe hapo na kanzu yako, umesimama kando ya mlima wangu niliouchora.

"Ndugu yako iko artiste kweli! Ile mlima, aliniambia alichora yeye mwenyewe."

Pembeni jina lako limepakwa juu ya langu. Michoro ninayokutumia nikiificha ndani ya mizigo, napunguziwa kilo za bidhaa zangu kwa ajili yake, uliniapia unaiuza kwa jina langu! Nilicheka mbele ya mgeni ili nisilie.

Leo asubuhi tena unanitumia ujumbe wa sauti. Hoteli imekualika uchore mbele ya wageni, eti nikueleze upesi ukungu unafanywaje. Una macho makavu, kaka yangu.

Haya, chukua. Anza na mbingu. Mlima wa mbali kabisa uupe buluu na kijivu, maji mengi, mpaka uone aibu kuuita mlima. Unaofuata uwe mzito kidogo, wa karibu ndio uupe kijani chote. Kivulini usitie nyeusi. Na ukungu haupakwi. Mimi nilihangaika nao muda mrefu, namwaga nyeupe, Uluguru inaonekana imeanikiwa shuka. Laoban, yaani mwenye duka la brashi hapa nyuma ya mtaa wa Dengfeng, mama mmoja mkali, aliniona nikijaribu rangi dukani kwake akaninyang'anya tyubu: "Bu yao! Bu yao!" yaani usitie, usitie. Akashika kitambaa chenye unyevu, akafuta miguu ya mlima rangi ikiwa bado mbichi. Pale palipobaki wazi ndipo penye ukungu. Ukichelewa, imekauka. Ukiharakisha, mlima wote umeondoka na kitambaa.

Sijakuficha kitu, na bado hutaweza. Wewe hata ubao wa duka lako uliandikiwa na mtu.

Msalimie Mama, mwambie asipuuze ile miguu yake, aende hospitali. Msalimie wifi yangu, yeye sina ugomvi naye, na shangazi anayetuchomea vitumbua.

Tiketi nimeshakata. Siku hiyo ya hoteli nitakaa kiti cha mbele, brashi zangu mkobani. Ukikwama, ita jina langu kwa sauti, wageni wote wasikie, nami nitasimama nikumalizie. Usipoliita, nitakaa nikutazame.

Mdogo wako, tumbo moja,
Zuhura