Mvukuto wa Baba

Jumanne, baada ya Isha.

Visu vitatu alivyofua baba vimerudishwa leo. Vimekatika kama biskuti.

Mjuaji mimi! Mimi ndiye niliyemletea feni ya umeme ya kupulizia moto, nikauza mvukuto wake wa ngozi. Nilidhani namwondolea kazi. Kumbe kwa mkono aliujua moto wake, akiupunguzia pumzi mara chuma kikiiva. Feni haijui kupunguza. Chuma kinaungua.

Jioni kaniuliza, "Mwanangu, aliyeununua hujampata?"

"Bado, baba."

Nimempata. Fundi viatu, kule Msimbazi. Ngozi yote kashaikata makubazi.

Jozi moja nimeinunua, nimeificha uvunguni mwa kitanda. Bado inanuka moshi.