Mchanga Kwenye Ungo

Mbumbuni, Jumanne, Novemba 1954. Mawingu tangu asubuhi, mvua hakuna. Milima ya Mbooni imejifunika, na mimi sitaki kuitazama.

Naandika kwa Kiswahili cha misheni kwa sababu mama mkwe anasoma Kikamba, na macho yake bado makali. Hapa nitasema nipendavyo.

Leo nimeshindwa tena. Darasa langu ni jikoni, wanafunzi wangu wawili, Ndanu na mdogo wake Kimeu. Jua halijapanda sana, mmoja amelala na mwingine ameingiza mbaazi puani. Mbaazi niliyompa ahesabu! Ilitoka kwa chafya, baada ya kunusishwa ugoro wa nyanya yake. Hesabu ikaishia hapo.

Si kwamba sijajaribu. Nimebandika picha za kalenda ukutani. Nimewasomesha karatasi ya kopo la maziwa mpaka nadhani hata mbuzi wanaijua. Nimemwekea Ndanu kiondo ninachosuka, ahesabu nyuzi nyekundu na nyeusi. Akahesabu vizuri tu, kisha akaniuliza, "Mwaitu, sisi tutaenda shule lini?" Mwaitu ni mama kwetu. Nikajifanya sijasikia.

Shule iko ng'ambo ya mto.

Na mto wetu si wa kutisha. Karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, unachimba kidogo unapata maji ya kunywa. Watoto wa shule huuvuka miguu mikavu. Mumbua, mtoto wangu wa kwanza, aliuvuka kila siku, na jioni alichelewa kwa sababu mchanga ule aliufanya ubao. Aliandika kwa kidole yote aliyofundishwa. Wadogo zake wakienda kumpokea, aliwaketisha chini akawa mwalimu. Mimi nikipiga kelele kutoka shambani, "Mumbua! Ng'ombe wanalala njaa!" nao wakicheka.

Siku ile hapa kwetu jua lilikuwa linawaka. Mvua ilinyesha kule juu Mbooni. Maji yalikuja yenyewe, juani, naye ameinama anaandika. Wadogo walikuwa nyumbani na homa. Namshukuru Mungu kwa homa ile, na nikimaliza kushukuru naona aibu. Tulimtafuta kufuata mto siku nyingi. Hatukumpata.

Tangu hapo hakuna mtoto wangu anayevuka. Maji ya kunywa anachota mama mkwe, maana miguu yangu hukataa pale kwenye mteremko. Hakuna kitu cha mto kinachoingia katika masomo yangu. Kitabu cha kusomea ni kile kile cha Mumbua, na kurasa zenye picha ya mto nimezishona kwa uzi wa mkonge. Kimeu hufunga jicho moja akachungulia katikati.

Baba yao yuko Nairobi kazini. Alipokuja mara ya mwisho alisema kwa upole, na upole wake ndio unaoniua, "Mama Mumbua, Januari wakiwa hawajui kusoma, wataenda shule." Ndiyo, bado ananiita Mama Mumbua. Sokoni wengine wameanza kuniita Mama Ndanu, wakidhani wananihurumia. Naitika nusu nusu.

Basi baada ya vituko vya mbaazi niliwaachilia wakacheze, nikaenda kupalilia. Niliporudi, kimya. Watoto wadogo wakinyamaza ujue kuna jambo. Nikakimbia.

Walikuwa nyuma ya ghala na nyanya yao. Katikati yao uko ungo, na ungo umejaa mchanga mweupe. Sikuuliza umetoka wapi.

Kimeu alikuwa anaandika. Kimeu huyu ambaye hajaniandikia hata herufi moja bila kulia! Aliandika a, akaandika e, akaandika maji Ndanu akimtajia herufi, ulimi nje, jasho puani. Ungo ulipojaa maandishi akalaza mkono wake wote, kuanzia kiwiko, akaupitisha juu ya mchanga mpaka ukawa laini. Halafu akapuliza mara moja.



Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akifuta hivyo. Nilimwona mwanangu mkubwa ndani ya mkono wa mwanangu mdogo, mchana kweupe, na kuku wakipita.

"Nani amekufundisha kufuta namna hiyo?"

"Mumbua hataki tufute kwa kiganja," Kimeu alisema bila kugeuka. "Inabaki mitaro."

Nilishika ukingo wa ungo niupindue. Mama mkwe hata hakuinuka.

"Mwaga ukitaka," alisema. "Umewapa mbaazi, umewapa makopo, wamelala. Mto haukuturudishia kitu, Mama Mumbua. Mkono wa mwanao wanaujua hawa wawili tu."

Sikumwaga. Nilikaa chini. Ndanu akanisogezea ungo kama ninavyowasogezea wao kila asubuhi, akasema, "Na wewe andika, mwaitu." Kidole changu kiliandika jina ambalo sijaliandika tangu siku ile. Kimeu akainama, akalifuata polepole, "Mu... mbu... a," kisha akapiga kelele kwa furaha, maana ndilo neno la kwanza alilosoma peke yake. Nililia mbele yao. Sijui nililia nini zaidi, yule au huyu.

Jioni hii nasikia mto unashuka. Hapa halijadondoka hata tone. Nimewaita wote wawili mlangoni, tukasikiliza, nikawaonyesha Mbooni kwa kidole: ikijifunika hivi, msikanyage mchanga, hata jua liwake vipi huku. Ndanu ameuliza kama hilo nalo ni somo. Nimemwambia ndilo la kwanza. Januari miguu yangu itafanya nini pale mteremkoni, sijui.

Ungo uko ndani, na jina bado limo. Hakuna aliyethubutu kuligusa. Mama mkwe anautaka ungo wake kesho apepete mtama, na amenitazama mimi, si watoto.

Nitalifuta mwenyewe. Kwa mkono wote, kuanzia kiwiko.