Hakusomewa Talakini

Mafubira, Jinja

Kaka yangu Abdalla,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote wa nyumbani. Mguu wa Mama unaendeleaje? Na mvua, zimewafikia huko Mombasa? Mimi mwilini ni mzima. Moyoni nimejaa kinyaa, na nusu ya kinyaa hicho umeniletea wewe kwa barua yako.

Unaniuliza kama ni kweli mume wangu Yusufu amekufa akiwa amemkana Mungu. Unasema habari umezipata kwa madereva wa malori, na kwamba kama ni kweli, ndoa yetu ilikwisha kuvunjika kabla hajafa, sina eda ya kukaa, nifunge virago nirudi. Kaka, niko edani. Na mwenye eda ana nafasi ya kuandika, kwa hiyo soma mpaka mwisho.

Huyo aliyeanzisha maneno anaitwa Haji Muzamiru, tajiri wa Yusufu. Ni mmoja wa wale waliogawiwa maduka ya Wahindi serikali ya kijeshi ilipowafukuza; hapa watu huwaita mafuta mingi, kwa jinsi walivyonona. Yusufu alikuwa akimpimia Mhindi vitambaa, akabaki pale pale kumpimia Haji. Vita vilipofika Jinja, askari waliokuwa wakikimbia walipora mji mzima, wakaliruka duka la Haji. Tangu hapo Haji alipata ushahidi wake. Kila alasiri kibarazani ni yale yale: "Nani anasema Mungu hapana julikana? Angalia hii duka. Kufuli hawakugusa. Hiyo ndiyo alama."

Sasa Yusufu alikuwa na mdogo wake, Saidi, fundi wa baiskeli kule Namatala, Mbale. Askari hao hao walimchukua mchana kweupe, na hata mwili wake hatukuupata. Yusufu alikwenda Mbale akarudi, akaenda tena akarudi, mikono mitupu. Siku moja akamjibu Haji mbele ya watu: "Haji, kama kufuli yako ni alama, Saidi ni alama ya nini? Mungu nachunga wenye duka peke yao?"

Haji akamuuliza kama yeye anajua Mungu yuko. Yusufu akasema, "Kujua sijui. Wewe pia hujui. Mimi naomba tu." Basi. Jioni ile alinisimulia hayo akiwa anatawadha, miguu bado ina maji, kisha akaingia kuswali magharibi. Hayo ndiyo yaliyoitwa kumkana Mungu.

Haukupita muda homa ikamshika. Hospitali kuna vitanda, dawa hakuna. Vita vimekwisha lakini makabati ya dawa bado hayajapata habari. Tulirudi naye nyumbani, akafa asubuhi mikononi mwangu.

Wanaume wakaja. Wakakaa uani kwangu, juu ya mikeka yangu, wakaanza mjadala. Mjadala, kaka, na maiti yumo ndani! Haji ndiye aliyefungua: "Hii mtu alisema Mungu hapana julikana. Sasa sisi tunamuzika kama nani?" Imamu wetu ni kijana, na chumba anacholala ni cha Haji. Akasema, "Haji, tungoje kidogo, tufikiri."

Wakafikiri! Mmoja akaleta hoja ya nyumba na mjenzi wake. Mwingine akasema hata mbu ana aliyemuumba, naye huyo ndiye aliyeonekana na cherehani ya watu begani siku ya uporaji. Wakaitisha chai. Sukari hapa haionekani, na miwa imeuzunguka mji. Kidogo nilichokuwa nimeficha kwa ajili ya uji wa mgonjwa wangu wakakimaliza, na mmoja akarudisha kikombe eti haikukolea. Jua linapanda, maiti anangoja, wao wanamthibitisha Mungu.

Jirani yangu Mama Nabirye, Msoga na Mkristo, alikuwa jikoni akinichemshia maji. Akaingia na ndoo akaninong'oneza, "Mama, maji iko tayari. Hawa wanaume bado natafuta Mungu huko inje?"

Nikacheka. Nilicheka mume wangu amelala pale, kisha nikalia, kisha nikafunga mlango nikamwosha mwenyewe. Mke anaruhusiwa, Baba alitufundisha. Mama Nabirye alinimiminia maji. Karafumaiti ya kumpaka hatukupata. Sanda nilichana shuka zetu.

Nilipomaliza nikasimama nyuma ya mlango, nikasema kwa sauti, "Nimekwisha kumwosha. Haji, umekaa naye miaka yote. Haya, apa kwamba unakijua kilichokuwamo moyoni mwake."

Akajibu, "Moyo ya mtu ni siri."

"Ya mtu uliyekula naye huyajui," nikamwambia, "ila ya Mungu ndiyo unayoyajua?"

"Mwanamuke ya Mombasa iko na maneno mingi," akasema, akaondoka na gari lake, lile lililokuwa limchukue maiti. Waliobaki wakambeba mabegani. Nasikia imamu alimsalia haraka haraka. Lakini walipokwisha kufukia, watu wakingoja akae kando ya kaburi asome talakini, alijikung'uta udongo akaenda zake.

Hapo ndipo habari ya madereva ilipotoka, na kweli yake ni hii tu. Yusufu hakusomewa talakini.

Unataka kujua kama alimjua Mungu. Sijui, kaka. Nimelala naye kitanda kimoja na sijui. Ninalolijua ni kwamba alfajiri alikuwa akiamka kabla yangu. Mimi Mungu namwamini; sikuletewa ushahidi wala sikuuomba. Ninaochukizwa nao ni hawa wanaomfanya Mungu shahidi wa kufuli zao, na ninachukizwa kwamba ndugu yangu wa tumbo moja aliwasadiki wao kabla ya kuniuliza mimi.

Eda nitaikaa mpaka siku yake ya mwisho, kwa sababu nilikuwa na mume. Nikitoka, siji Mombasa kwanza. Nitakwenda kaburini. Nakumbuka Baba alivyokuwa akikaa kando ya kaburi, akimwita maiti kwa jina la mama yake, akimwambia asiogope, atakapoulizwa Mola wake ni nani ajibu hivi na hivi. Mwanzo naukumbuka, na mwisho, lakini katikati pananipotea. Wewe umeirithi kazi ya Baba. Niandikie talakini yote, kwa herufi kubwa. Fatwa usiniandikie, wala hoja. Hoja nimezisikia za kutosha.

Mama umbusu mkono kwa niaba yangu, na asifichwe jambo. Wifi yangu mpe pole ya ujauzito. Shangazi aliyenilea mwambie dua zake zinanifikia. Mama mkwe wangu yuko hapa pamoja nami, ametoka Mbale, anawasalimu, haongei sana.

Barua yako nitaingoja. Ikija bila talakini, nitaelewa kwamba Haji Muzamiru ana ndugu Mombasa, na mimi sina.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanaisha, mke wa Yusufu