Mrija wa Mzima

Kaka,

Goti la mama limepoa, mdomo wake bado. Ule mlango uliouchonga umeanza kulia tena, lakini amenikataza kuutia mafuta. Anasema ndiyo kengele yake.

Uliniuliza kazi yangu mpya ya maabara. Mgonjwa wa saratani anatolewa damu mrija mmoja, nasi tunatafuta seli zilizobanduka kwenye uvimbe zikawa zinazurura mwilini. Zikiwa moja mbili, daktari hupumua. Zikifika tano, huanza kuongea polepole. Ili tujue mashine haitudanganyi, kila Jumatatu mfanyakazi mmoja hutoa damu yake ipimwe pamoja na za wagonjwa. Tunauita mrija wa mzima, na jibu lake huwa sifuri.

Juzi zamu ilikuwa yangu. Zikaonekana saba.

Mkuu wetu akafoka, "Umechanganya mirija, dada! Haraka haraka haina baraka." Nikakubali upesi, maana kosa lina dawa. Nikatolewa damu tena, yeye mwenyewe akiandika namba. Zikawa nane. Akasema, "Kaa kidogo, nikuletee chai." Mtu huyo hajawahi kumletea yeyote hata maji.

Keshokutwa napigwa picha mwili mzima, watafute zinakotoka. Mama nimemwambia naenda semina.

Kwenye ratiba ukutani wamenifuta. Jumatatu ijayo atatoa mfagiaji.

Mama anapaza sauti kutoka jikoni, nikuandikie kwamba huku sote ni wazima. Haya, nimeandika.

Mdogo wako,
Sindano