Mifupa ya Mbuzi wa Maziwa

Uhispania

Kaka yangu Abdullahi,

Asalaam aleykum. Natumai barua hii itakukuta hapo dukani Garissa ukiwa mzima, wewe na shemeji na watoto. Na mama yetu, Hooyo, huko Hadado, miguu bado inamsumbua? Mimi mwili hauna neno, ila upweke umenikalia kifuani. Wiki nzima hupita bila mtu kulitaja jina langu sawasawa.

Chuo cha tiba ya mifugo kimefungwa kwa likizo, nami nimepata kibarua cha kuchimba kijiji cha kale juu ya kilima. Cheka tu: nimevuka bahari kuja kuokota mifupa ya mbuzi. Watu wa kijiji hicho waliishi hapa kabla ya Nabii Issa. Tumepata shayiri na ngano zilizoungua zikabaki nyeusi ndani ya mitungi, miundu iliyoliwa na kutu, mawe ya kusagia, na zizi lenye samadi iliyoshikana tabaka juu ya tabaka. Niliposimama katika zizi lile nilijiona niko kwetu, nikageukia kando wasinione nikilia.

Kazi yangu mimi ni meno. Profesa anayetusimamia hunipa taya za mbuzi nimwambie umri. Katika matabaka ya chini, waliochinjwa ni madume wachanga. Majike waliachwa wazeeke. Kama sisi tu. Lakini tabaka la juu kabisa, la mwisho kabla watu hawajahama, ni majike watupu, wa umri wa kukamuliwa, pamoja na vifupa vya watoto waliokuwa bado tumboni.

"Hawa walikuwa wamekwisha," profesa akasema. "Mtu hali mbuzi wake wa maziwa akiwa na kitu kingine."

Hapo nikakumbuka salamu zako alizoniletea yule mwanafunzi wa Mombasa: "Mwambie Hassan tulichinja Adey, tukala tukashiba, Hooyo anacheka tu." Nami nilifurahi, mjinga mimi. Adey, kaka! Uzao wa yule mbuzi niliyepewa siku niliyozaliwa, kitovu changu hakijakauka. Hooyo hakuwa akichinja jike wa uzao ule hata aje mgeni gani, na chai yake ya asubuhi ilitoka kwa Adey.

Redio ya huku haitutaji kabisa. Ninachojua ni kile ulichowahi kunidokezea, kwamba askari wamewakusanya watu karibu na kambi, na anayeonekana malishoni anahesabiwa shifta, mwasi wa kupigwa risasi. Mifugo imekuwaje, hukusema. Ulitaka nisome bila wasiwasi, nakuelewa, lakini nimekasirika pia. Mimi si mtoto tena.

Niambie kweli: Hooyo amebakiwa na mnyama hata mmoja? Kama hana, asubuhi anakunywa nini? Ukisema nirudi, nitaacha masomo nirudi. Ila niandikie kwa mkono wako, usinitumie tena salamu za kunituliza.

Nisalimie shemeji, na mjomba wetu, abti aliyenifundisha kukamua, na yule mwalimu wa bara jirani yako, kama bado hajahamishwa.

Hooyo usimwambie kwamba nimejua. Mwambie tu nimefurahi kusikia mlishiba.

Mdogo wako,
Hassan