Udi Uliotangulia Kahawa

Maskati, baada ya sala ya alasiri

Mama yangu,

Salamu zikufikie huko uliko, na Mungu akupe nafasi na nuru.

Leo tena nimesikia harufu ya udi chumbani mwako. Si mara ya kwanza. Inakuja alasiri, saa ile ile uliyokuwa ukingojea wageni. Chetezo chako nimekifunga ndani ya kanga nikakitia sandukuni, na tangu msiba hakijatiwa kaa hata moja. Nimefungua sanduku nikakishika, kimepoa kabisa. Nimenusa mapazia, nimenusa mito. Halafu nikakaa kitandani pako nikasema kwa sauti, "Mama, unataka nini?" Mwanamke mzima mimi, nazungumza na ukuta. Lakini najua unataka nini. Kuna jambo nilikuficha miaka minne, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nianzie Unguja, maana kule ndiko ulikokuwa mtu. Siku ya Alhamisi nyumba haikuwa yetu. Tangu adhuhuri mito inapangwa ghorofani, gramafoni inapanguswa vumbi, na wewe umesimama katikati ya ukumbi unaamua nani akae karibu na nani na nani asionane uso kwa uso na nani. Wake wa wakubwa na wake wa matajiri, Waarabu, Wahindi na Wazungu, wote walipanda ngazi zako. Na juu ya ngazi kilikuwapo chetezo. Hakai mtu kabla hajajifukiza. "Mgeni hakai kwangu na harufu ya njiani," ulikuwa ukisema. Kwako wewe udi ndio uliokuwa neno la karibu.

Unamkumbuka yule bibi wa Kimarekani? Gauni lake fupi, moshi ukapanda wote usoni, akakohoa mpaka kofia ikamwanguka, na wewe ukacheka huku umejiziba mdomo kwa ushungi. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Alisema kwao, jamhuri yao ilipokuwa changa, alikuwako bibi mmoja tajiri mwenye baraza kama lako. Wakubwa wa serikali waligombea viti vyake, na aliyekosa mwaliko wake alijiona kama hayumo mjini. Ulifurahi, uso ukakunjuka. Kisha ukaniambia, "Hebu muulize, na mambo yalipogeuka, bibi huyo alikwenda wapi?" Mgeni wako hakujua. Mwaka haukwisha, na kwetu pia ikaja jamhuri. Ilikuwa na wiki chache tu wakati mimi na wewe tulipokuwa melini na bunda moja la nguo, chetezo kimo katikati.

Hapa Maskati ami yake marehemu baba alitupa vyumba viwili, Mungu amlipe. Maji ya kisima, taa ya mafuta, na hakuna aliyejua wewe ni nani. Walituita Wazinjibari. Tukichanganya Kiarabu na Kiswahili walitabasamu, na tabasamu lile lilikuchoma kuliko tusi. Ulikaa karibu miaka miwili bila kumwalika mtu. "Sialiki watu juu ya jamvi bovu," ulisema. Mpaka ulipopata zulia la kuazima ndipo ukanituma kwa Bi Moza, jirani yetu, mkubwa wa wanawake wa mtaa huu. Yeye na wenzake wanane.

Ile alasiri naijua kama kiganja changu. Haluwa uliipika mwenyewe, ukaisonga mpaka mkono ukavimba. Ulivaa kanzu yako ya hariri iliyobaki. Mimi kazi yangu ilikuwa moja tu: nikae mlangoni na chetezo, kama kwetu. Lakini makaa yalikuwa mabichi. Yalifuka moshi, hayashiki moto, na mimi napuliza uani huku machozi yananitoka, nawasikia wageni wanaingia, wanaamkiana, wanakaa. Yaliposhika nilikimbia ndani nikaanza kukipitisha chetezo kwa kila mmoja. Kahawa ilikuwa bado jikoni. Haluwa bado imefunikwa.

Walitazamana. Bi Moza akajifukiza chini ya shela yake, polepole, akampa wa pili. Kilipomfikia wa tisa, wote wakainuka. Wakakuombea kheri, wakavaa viatu, wakaenda zao.

Ulibaki umesimama na birika mkononi. Ulisema neno moja tu: "Wametudharau." Haluwa ile tuliila siku nne, mimi na wewe. Zulia likarudishwa kwa mwenyewe, na dirisha la njiani ukalifunga. Hukualika mtu tena mpaka unakufa.

Sasa sikiliza, Mama. Miezi michache baadaye nilikwenda arusini kwa Bi Moza, wewe ulikataa. Tulikula, tukanywa kahawa, tukazungumza mpaka maneno yakaisha. Ndipo kikaletwa chetezo, na wanawake wote wakainuka kwenda zao. Nikamuuliza Bi Moza mbona wanaondoka, naye akanishangaa. "Udi ukishaletwa, mwenye nyumba ameshakupa ruhusa ya kwenda, hata mtoto anajua. Sisi siku ile tulisema mama yako ametuchoka hata kahawa hajatupa. Tuliona haya kweli." Nao, kumbe, walikuwa wakingoja uwaite tena. Walidhani wewe ndiye uliyewadharau wao.

Nilirudi nyumbani mbio ili nikwambie. Wallahi nilikuwa na nia hiyo. Nikakukuta umekaa juu ya mkeka na kitana mkononi, ukaniita, "Njoo nikuchane nywele, mwanangu." Nikakaa. Ukanichana, ukanisuka, ukanisimulia ulipokuwa mtoto shambani. Sikukwambia.

Kwa miaka nimejidanganya kuwa nilikuonea huruma. Kwamba wewe, uliyewafundisha watu namna ya kupokea mgeni, ungekufa kwa aibu ukijua kuwa wageni wako umewafukuza mwenyewe. Si kweli. Ungecheka. Ungecheka ukaumwa na mbavu, na Alhamisi ya pili yake Bi Moza angekuwa amekaa hapa. Niliogopa hiyo Alhamisi. Unguja sikuwahi kuchanwa nywele na wewe, nilichanwa na mtumishi. Nilikuwa nakuona juu ya vichwa vya wageni. Hapa, katika vyumba viwili na maji ya kisima, ndipo nilipopata mama, na sikutaka kumgawa. Nilikuacha uamini kuwa mji mzima umekukataa ili ubaki wangu peke yangu. Ndilo hilo, Mama.

Siku ya mwisho homa ilipopanda uliuliza mara tatu, "Nasra, nnasikia watu mlangoni, hebu kawafungulie." Nikakujibu hakuna mtu. Na hakukuwa na mtu. Mimi ndiye niliyehakikisha.

Saa ile ile walipopata habari walikuja, wote tisa. Bi Moza alikuosha kwa mikono yake, kisha akaniomba chetezo aifukize sanda. Nyumba ilijaa, hakuna pa kukanyaga. Moshi ukapanda, na safari hii wao walikaa, wewe ndiye uliyeinuka ukaenda. Nikapiga ukelele, wakadhani ni msiba tu.

Mengi yamebadilika tangu hapo. Tuna mtawala mpya. Redio inalia kila duka, na wenzetu waliotawanyika wameanza kuja kutoka kila pembe. Njiani siku hizi nasikia Kiswahili, nageuka kila mara nikidhani ni wewe. Wanasema hata kule Kurum kwenye mchanga na mikoko yatajengwa majumba. Ungeuliza kumbi zake zitakuwa na upana gani.

Jana nilikwenda kwa Bi Moza nikamwambia yote. Akasema, "Miaka minne, na baina yetu ukuta mmoja tu!" Akalia. Sijui kama amenisamehe. Nimemwalika Alhamisi hii, yeye na wale wanane, na wanawake watatu wa kwetu waliofika juzi. Kasema atakuja.

Nikimwona tena yule Mmarekani nitampa jawabu la suali lako. Mambo yalipogeuka, bibi mwenye baraza alikwenda Maskati, na mwanawe akamfungia mlango.

Nakuahidi hivi. Alhamisi dirisha la njiani litakuwa wazi. Chetezo kitakaa kizingitini tangu mapema, makaa nitayachagua makavu mwenyewe, na kila mgeni atajifukiza kabla hajakaa, kama kwako, na nitawaambia kwa nini. Kiti cha kati hakitakaliwa na mtu. Njoo ukae, usikilize watakavyoisifu haluwa yako, maana nitaisonga mpaka mkono uvimbe. Na wakishakwenda wote nitatia udi mara ya pili, kwa desturi ya hapa, chumbani mwako, kwa ajili yako peke yako. Ukiuona, Mama, ujue ni ruhusa. Usikae tena kwa ajili yangu. Inuka uende salama.

Mwanao,
Nasra